Stambuli Aliyegeuka Kitenzi

Wapo watu wakifa wanaacha shamba, wapo wanaoacha watoto wengi wanaogombania shamba hilo hilo, na yupo Stambuli wa Mwembesongo, ambaye aliacha kitenzi. Unaweza kucheka, hata mimi nacheka. Lakini zamani za Mdachi, pale Morogoro na vijiji vyote vya mlimani, watu walisema kustambuli kama wewe unavyosema kupika au kulala, na hakuna aliyeuliza ni neno la wapi. Kila mtu alijua maana yake. Tatizo ni kwamba maana yenyewe haikutulia mahali pamoja, na ilipokuwa ikihama huku na huku, mwenye jina alikuwa hai, anapita sokoni na gunia kichwani, anasikia jinsi anavyonyambuliwa.

Kazi yake ilikuwa uchukuzi. Alishusha mahindi, ndizi na maharage kutoka Uluguru mpaka mjini, akapandisha chumvi na nguo. Mgongo alijaliwa, miguu alijaliwa, ila moyo wake ulikuwa mwepesi kushtuka kuliko wa kuku. Aliogopa mbwa wa bomani. Aliogopa tarumbeta ya askari. Paka akiangusha sufuria, Stambuli alikuwa tayari yuko nje ya nyumba, na hakuona aibu kusema hivyo, maana kila mtu alikwisha kumwona. Pamoja na hayo, hapakuwa na mchukuzi aliyeaminiwa kama yeye, kwa sababu alishika sheria ya wachukuzi wa mlimani kuliko wote: mzigo hautuliwi njiani. Zile njia zimesimama wima, ukishatua peke yako nani atakutwika tena? Ukiteleza, teleza nao. Ukikimbia, kimbia nao. Baba yake alimfundisha hivyo tangu mdogo, mpaka mikono ikawa inashika mzigo bila kumuuliza mwenyewe.

Basi mtu huyu alimpenda Chausiku, na Chausiku alimpenda yeye, na mambo yangeishia hapo kwa heri kama si Mzee Rehani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayetoa ruhusa ya kuolewa ni mjomba. Mzee Rehani ndiye aliyekuwa mjomba. Aliishi ubavuni mwa mlima, juu ya mto, mguu wake wa kushoto umeharibiwa na kidonda cha siku nyingi, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Stambuli alimwezekea nyumba, akamjengea uzio, akamletea kuni mpaka zikakosa pa kuwekwa. Mzee alipokea vyote, akasema, "Tutaona." Likaja jua, ikaja mvua, na bado walikuwa wanaona.

Ndipo reli ikafika Morogoro. Habari zikapanda mlima kwamba siku fulani gari la moshi lenyewe litaingia, na watu wote waje washangilie. Mzee Rehani akashikwa na hamu isiyoelezeka. Si kwamba alilipenda gari. Alichotaka ni kuliona kabla ya wenzake, ili wale watakaosimama nyuma wamsikilize yeye mpaka mwisho wa maisha yao. Lakini mguu je? Stambuli akaenda, akaamkia shikamoo, akachuchumaa mbele yake akamgeuzia mgongo. Mzee akauangalia ule mgongo, akaona kweli unafaa. Akasema ukinifikisha mahali pa mbele kabisa, tukirudi tutazungumza habari ya harusi. Siku ilipofika, Stambuli alishuka mlima ule akiimba, na mzigo wake juu ukiimba pia.

Siku hiyo ilikuwa siku. Watu walijaa mpaka juu ya miti, askari wamevaa na kung'aa, bendi inapiga, akina mama wamejifunga kanga mpya. Mzee Rehani alikuwa juu ya vichwa vyote, kofia imekaa vizuri, akiwahadithia walio nyuma vitu ambavyo bado havijafika. Alisema anaona moshi kabla moshi haujatokea. Halafu moshi ukatokea kweli. Likaja lile dude jeusi, linahema, ardhi inatetemeka chini ya nyayo, na lilipofika karibu likapiga king'ora.

Hapa nataka usikilize vizuri, kwa sababu kesi yote iko hapa. Stambuli hakukimbia. Si kwa ushujaa, la. Miguu ilikuwa imeganda, hata ulimi haukuwepo. Kilichotokea ni kwamba visigino viwili vilimpiga mbavuni, masikio yake mawili yakavutwa, na sauti ya Mzee Rehani ikaingia moja kwa moja kwenye sikio la kulia. "Kimbia, mwanangu," sauti ilisema. "Kimbia."

Kuambiwa tu, miguu ikafunguka. Alipita katikati ya bendi, ngoma ikaenda huku na mpigaji kule. Akapita sokoni, akaruka matandiko ya wauza viazi, akavuka mto bila kutafuta daraja, akaanza kupanda. Mtu mwingine yeyote angemwangusha mzee pale pale penye tarumbeta akajiokoa. Stambuli mikono yake ilikuwa imeshika mzigo, na mzigo hautuliwi njiani. Alikuja kusimama juu sana, kwenye migomba ya watu asiowajua, na chini wakaliona gari la moshi limetulia kwa amani, dogo, na mji mzima umelizunguka unashangilia.

Mzee Rehani alishuka mgongoni akaketi juu ya jiwe. Alipangusa jasho. Kisha akarekebisha kofia, akamtazama kijana, akasema, "Umenitorosha."

Utamwambiaje mkwe wako kwamba ni yeye aliyeogopa? Hayo hayasemwi, hata kama mbavu zinauma. Stambuli akambeba tena, akamrudisha nyumbani polepole, na njia nzima habari ya harusi haikuzungumzwa. Jioni mzee alitangaza kwamba ukoo wake hauwezi kumtoa binti kwa mtu anayekimbia makelele. Chausiku alikuwa anapepeta mchele, hakuacha kupepeta. "Mimi namtaka anayekimbia na mtu mgongoni, mjomba," alisema. "Wanaokimbia peke yao wapo tele." Mzee akajifanya hakusikia, maana masikio nayo ni mali ya mwenyewe.

Mambo yangesahaulika, lakini muda si mrefu akafariki bibi mmoja wa ukoo ule, na kwenye mazishi akaja Dadi. Huyu Dadi alikuwa mtani wao. Nani asiyejua kazi ya mtani msibani? Anawachekesha wafiwa wasije wakafa na wao. Anaweza kulala kaburini akadai apewe kuku ndipo atoke, anaweza kumwiga marehemu anavyotafuna, na chochote anachosema hakuna ruhusa ya kukasirika. Siku hiyo Dadi alibeba kinu mgongoni. Alizunguka uwanja mbio, macho yamemtoka, huku akikililia kinu kwamba kisiogope, na waliokuwa wanalia wakaanza kushika mbavu. Mtu akamuuliza, "Dadi, unafanya nini?" Dadi hakusimama. "Nastambuli," alijibu.

Ndivyo lilivyozaliwa. Watu walicheka mpaka maiti ikachelewa. Stambuli mwenyewe alicheka, angefanyaje, mtani ni mtani, lakini ndani alijua kwamba amekwisha. Neno la mtani haliombewi radhi wala halifutwi. Na Mzee Rehani, aliyekuwa kile kinu, alicheka kuliko wote ili asionekane.

Neno likashuka mjini siku ile ile, nadhani lilifika kabla ya watu. Sokoni mwanzoni lilikuwa na maana moja tu, kukimbia kitu kisichouma huku umebeba cha mwenzako. Lakini sokoni neno halikai bure. Kesho yake aliyeondoka na kikapu kisicho chake, kwa kusahau au kwa kukumbuka, alikuwa amestambuli. Vibarua wa reli wakalichukua wao wakalifanya kutoroka kazini kabla ya kengele, na msimamizi wao akajifunza kulikasirikia. Watoto wakalifanya mchezo, mmoja mgongoni kwa mwingine, na yule wa juu ndiye anayepiga mayowe. Mke aliyerudi kwao na vyombo vyote amestambuli. Mbuzi aliyekata kamba akaondoka na kigingi chake, naye pia, Mungu amsamehe, amestambuli.

Stambuli akaishi ndani ya jina lake kama mtu aliyepangisha nyumba kwa wapangaji wenye fujo. Akiitwa sokoni alikuwa hajui kama anaitwa au kuna mwizi. Kila alipopeleka salamu kwa Mzee Rehani, jibu lilikuwa lile lile, kwamba binti yetu haolewi na neno la matusi. Chausiku alikataa wachumba wengine, huyu kwa sababu ya meno, yule kwa sababu ya mama yake, na wa mwisho hakutafutiwa hata sababu. Alimletea Stambuli maji pale mtoni anapopumzika, akamwambia avumilie, maneno nayo huchoka. Alikuwa akisema hivyo na kujitahidi asicheke. Alikuwa hawezi. Wakacheka wote wawili, na kwa kweli hicho ndicho kilichomshikilia Stambuli asihamie Turiani.

Ila neno halikuchoka, lilikuwa linapanda mlima kimya kimya. Miaka hiyo askari wa kodi ya kibanda walikuwa wakitokea vijijini bila hodi, na asiyekuwa na kitu alichukuliwa. Wenye miguu walikuwa wakiingia msituni, na wazee wakabaki kukamatwa badala yao. Sasa wachukuzi walipofika huko juu na masimulizi ya Stambuli, watu wa huko hawakuwahi kumwona, hawakumwona Dadi na kinu chake, wala hawakusikia kile kicheko. Walisikia habari tu kwamba kuna mtu, lilipokuja dude la kutisha, alimbeba mzee asiyeweza kutembea akapanda naye mlima asimwache. Wakaona huyo ni mtu. Wakaanza kuambizana askari wakija tusikimbie, tustambuli. Na wakafanya kweli, vijana na bibi zao migongoni, msitu ukajaa.

Stambuli hakuwa na habari. Aliipata siku moja mvua za masika zilipokatika, alipopanda kumchukulia mzigo wa mboga mama mmoja wa kijiji cha misheni, Theresia. Theresia alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na walipokuwa wanashuka alimhadithia jinsi mlima ulivyoporomoka nyuma ya nyumba yao. Mama mkwe wake, Veronika, alikuwa kitandani, miguu haisimami, na udongo unakuja. "Nikamstambuli," alisema Theresia. "Mimi unayeniona hivi. Nikamstambuli mama mkwe mpaka kanisani."

Stambuli karibu ateleze. Akauliza kwa sauti ndogo neno hilo maana yake nini. Theresia akamhurumia, akafikiri maskini huyu mtu wa mji hata Kiswahili hakijamkolea. Akamweleza pole pole kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba kustambuli ni kumwokoa asiyeweza kukimbia, umbebe wewe, usimtue mpaka pahali pa salama. Akasema ni neno la zamani sana. Akasema hata katekista wao, Alois, alilitumia Jumapili, alipoeleza kwamba mchungaji mwema alimwona kondoo aliyepotea akamstambuli begani. Kisha akamuuliza, "Na wewe, baba, unaitwa nani?"

Stambuli akajibu kwamba anaitwa mchukuzi. Alishuka mlima ule na kabichi kichwani, machozi yanamtoka na tabasamu halimtoki, na waliopishana naye wakadhani mboga zile zina kitunguu.

Theresia alikuwa muuzaji, na muuzaji hauzi mboga peke yake. Alisimulia sokoni kuhusu mama mkwe. Wanawake wa mji wakasikiliza, wakaanza kucheka kwa mazoea, halafu wakanyamaza, halafu mmoja akapiga kigelegele. Baada ya hapo neno likageuka kama chapati. Mkunga wa kienyeji akasifiwa kwamba amewastambuli watoto wengi. Anayemlea yatima amemstambuli. Wale wenye mbuzi wakatafuta neno lingine kwa ajili ya mbuzi. Na watu wakaanza kumpisha Stambuli njiani, wakimwamkia, wakimgusa mgongo kidogo wakidhani hajui.

Hapo ndipo Mzee Rehani alipopata ugonjwa mpya. Alipokuwa kinu, alijitenga na kisa kile. Sasa kisa kimekuwa cha heshima, na yeye ndani yake amebaki mzigo tu, hana hata mstari wake. Akawa halali vizuri. Akimsikia mtu anamsifu Stambuli, anakohoa.

Ilikuwa siku ya kumtoa mwali, binti wa jirani aliyekuwa amefundwa ndani. Ngoma zinalia, pilau inanukia, na mwali akatolewa nje akiwa amebebwa mabegani kama ilivyo desturi, wanawake wakimwimbia aliyembeba, wakasema mstambuli huyo, mstambuli asiguse chini. Stambuli alikuwepo, amesimama mbali na ngoma kubwa. Chausiku alikuwa miongoni mwa waimbaji. Mzee Rehani akasikia lile neno linaimbwa na uwanja mzima, akashindwa. Akasimama kwa fimbo yake, akanyoosha mkono, ngoma ikatulia.

"Mnaimba msichokijua," alisema. "Hilo jambo ni langu. Siku ile Stambuli alikuwa ameganda kama nguzo. Ni mimi niliyemwambia akimbie. Nilimpiga na visigino, hizi mbavu zake, muulizeni. Bila mimi hapana kustambuli."

Akaketi, ameridhika sana, akingojea vigelegele. Kisha Dadi, ambaye alikuwa kwenye pilau, akaweka sahani chini, akanawa, akapangusa mikono, akaja taratibu mpaka mbele ya mzee akachuchumaa. Akamuuliza kwa upole: siku zote hizi tumemcheka nani, na aliyeogopa gari alikuwa nani?

Uwanja ulipasuka. Hata mwali, ambaye hatakiwi kucheka, alicheka, na aliyembeba akayumba. Mzee Rehani akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona kwamba mlango aliotokea ameufunga yeye mwenyewe. Na mtani akikushika mbele za watu hutoki mpaka umetoa kitu. Mzee akatoa kuku. Dadi akasema kuku amewala wengi msibani. Mzee akapandisha, akatoa mbuzi. Dadi akatikisa kichwa, akamtazama Stambuli, akamtazama Chausiku aliyeshika ngoma asiipige.

"Toa ruhusa," Dadi alisema.

Mzee alihema. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka kuubeba ule mzigo, maana si kila mtu ana mgongo wa uchukuzi. Akasema, haya, aolewe. Chausiku akaipiga ile ngoma kwa nguvu mpaka ngozi ikatoa mlio wa ajabu, na Stambuli, kwa kusikia mlio, alikuwa amekwisha kuruka uzio kabla hajaelewa kwamba ni furaha. Walimrudisha.

Harusi ikafungwa mavuno yalipokwisha. Wakati wa kumpeleka bibi arusi Mwembesongo, Mzee Rehani alisema hatembei wala habebwi na mtu mwingine, atakwenda mgongoni kwa mkwe wake, na watapitia stesheni, kwa sababu bado anayo haki ya kuliona gari lake. Wakaenda msafara mzima, dufu mbele, Chausiku katikati na kanga zake, Stambuli kwenye kanzu mpya na mjomba juu. Wakafika kando ya reli. Gari likatokea, jeusi vile vile, likahema vile vile, likapiga king'ora.

Stambuli akatetemeka, lakini hakusogea. Akahisi visigino viwili mbavuni. Akahisi masikio yanavutwa. Akamgeukia Chausiku, na Chausiku alikuwa anamtazama, ameuma midomo, mashavu yamevimba kwa kicheko alichokibana. Kisha huyo bibi arusi, ambaye alipaswa kwenda hatua kwa hatua ameinamisha uso, akakusanya kanga zake mkononi akatimua mbio kuelekea mlimani.

Stambuli akamfuata na mzigo wake. Dadi akafuata. Wapiga dufu wakafuata wakipiga, wakafuata mashangazi, Theresia na bakuli la wali, mpishi na mwiko, na watu wa sokoni wasiojua kuna nini nao wakafuata kwa sababu wengine wamefuata. Hakuna aliyeuliza siku hiyo neno lina maana gani. Walivuka mto bila kutafuta daraja, wakapanda, wanacheka mpaka wanakosa pumzi ya kukimbilia, na juu ya wote Mzee Rehani, kofia imeanguka zamani, alikuwa akipiga kelele kwa kila waliyempita, "Ni mimi niliyemwambia. Ni mimi."

Na Stambuli, mikono imeshika barabara, alijibu kwa sauti ambayo mji mzima uliisikia. "Ndiyo, mjomba. Ni wewe."